Kabla hujanunua hiyo poda: tumbo, damu na kile kilio cha usiku

Swali lilikuja refu na mwenyewe ameniruhusu nilifupishe. Ana miaka 31, anakaa Likoni, Mombasa, anafanya kazi kwenye duka la M-Pesa kule Majengo, kila siku alfajiri anavuka feri. Yapata mwaka sasa anaamka amechoka kama hakulala, tumbo linajaa gesi mpaka ikifika jioni dera tu ndio nguo anayoivumilia, watoto anawafokea kwa jambo dogo halafu usiku analia peke yake na hajui analilia nini. Ana kiungulia, na omeprazoli, ile dawa ya kuzima asidi ya tumbo, ameimeza karibu mwaka mzima, ya kujinunulia. Flagyl, ile antibayotiki ya tumbo, amekunywa mara tatu tangu mwaka uanze. Hedhi yake ni nzito. Asubuhi ni chai ya maziwa na mahamri, mchana chipsi na soda akipata nafasi, usiku saa tatu na nusu ndio mlo wa maana, na chai iko kila mlo. Sasa shoga yake amemtumia tangazo la poda ya probayotiki, yaani bakteria hai wa tumbo, shilingi 4,500 mkebe mmoja, wameandika kwamba serotonini, kemikali ya mudi, karibu yote hutengenezwa tumboni kwa hivo ukisafisha utumbo furaha inarudi. Anauliza, ni kweli tumbo ndilo linamharibia nguvu na mudi, na hiyo poda ainunue?

Dadangu, aleykum salaam, na ahsante kwa kuandika bila kuficha manake mambo ya choo na gesi watu wa kwetu huyaonea haya mpaka yakawaumiza. Naanza na la poda kwa sababu najua mshahara ukiingia utaagiza. Usinunue, sio sai. Hizo 4,500 ziweke kando, utazihitaji kwa vipimo nitakavyokutajia huko mbele. Ila usije ukadhani nasema tumbo halihusiki. Lahusika, tena sana, lakini njia linayopitia mpaka likakufikisha kulia usiku si ile waliyokuandikia kwenye tangazo.

Waswahili tushalijua hili zamani. Mtu mwenye wasiwasi tunasema yuko tumbo joto. Maneno ya kuumiza yanakata maini. Mwenye kuweka chuki ana nyongo. Na ukienda kwenye sayansi unakuta kuta za utumbo zina mtandao wake wa neva, seli za neva zaidi ya milioni 100, zinazoweza kusukuma na kusaga chakula bila kungoja amri ya ubongo. Halafu kuna neva moja ndefu inaitwa vegasi, inatoka chini ya ubongo inapita shingoni na kifuani mpaka tumboni, na kitu ambacho mie hunishangaza mpaka leo ni kwamba karibu asilimia 80 ya nyuzi zake zinapeleka habari juu, sio kuleta amri chini. Yaani tumbo ndilo msemaji, ubongo unasikiliza zaidi kuliko unavyoamuru.

Amri nazo zinashuka lakini. Mwaka 1822 kule Marekani kijana mmoja, Alexis St. Martin, alipigwa risasi kwa bahati mbaya, akapona ila kidonda kikaacha tundu tumboni ambalo halikuziba tena, na daktari wake William Beaumont kwa miaka akawa anachungulia tumbo la mtu aliye hai likifanya kazi. Katika aliyoyaandika mwaka 1833 ni kwamba kijana akikasirika, kusagika kwa chakula kunavurugika. Sasa wewe hebu fikiria unakula chipsi mbiombio nyuma ya kaunta huku mteja anakugombeza kwa pesa alizotuma namba si yake. Tumbo hilo lisage saa ngapi.

Sasa hiyo serotonini. Ni kweli sehemu kubwa sana, asilimia 90 na ushei, hutengenezwa kwenye utumbo. Wasichokwambia ni kwamba serotonini ya tumboni haiingii kwenye ubongo, kuna kizuizi kati ya damu na ubongo ambacho haikivuki. Hiyo ya tumboni ina kazi zake huko huko, inasaidia kusukuma chakula, inasaidia damu kuganda ukijikata. Ubongo hujitengenezea yake wenyewe, kutokana na triptofani tunayoipata kwenye protini kama samaki, mayai, kunde. Kwa hivo mtu akikwambia safisha utumbo furaha ikupande kichwani, amechukua nusu ya ukweli akaufanyia biashara, na mie hili linaniuma kwa dhati manake wanaonunua ndio watu waliochoka kama wewe, wenye watoto wa kulisha.

Kilichonishtua kwenye maelezo yako sio gesi. Ni vitu vitatu ulivyovitaja kwa kupita tu: hedhi nzito, omeprazoli mwaka mzima, na chai kila ukila. Niwekee hivyo vitatu kwa mwanamke wa miaka 31 anayeamka amechoka na hasira ziko karibu, kitu cha kwanza ninachowaza ni damu. Huenda imepungua, na hata kama bado haijapungua basi akiba ya madini ya chuma imekwisha, na hayo ni mambo mawili tofauti. Watu wengi wanadhani chuma ni cha damu peke yake. Chuma ndicho kinachobeba hewa kwenye damu, sawa, ndio maana ile njia ya kupanda ukishuka feri inakutoa pumzi, lakini ubongo nao unakihitaji kutengeneza hizo hizo kemikali za mudi, serotonini na dopamini. Chuma kikiisha unachoka, unakuwa mwepesi wa kukasirika, huwezi kutuliza akili kwenye jambo moja. Nishaona wanawake wengi kliniki wakijiona wamekuwa mama wabaya kumbe wamekaukiwa na chuma.

Na hapo ndipo tumbo linapoingia. Chuma cha mboga, maharagwe na nafaka kinataka asidi ya tumbo ili kiyeyuke ndio kifyonzwe pale mwanzo wa utumbo mdogo, na omeprazoli kazi yake yote ni kuizima hiyo asidi. Chai nayo ina tanini, zinashikana na chuma tumboni mle, kinapita kinaenda chooni bila kukufaa, hata iwe chai ya maziwa ni hivo hivo. Vitamini B12 pia, ile tunayoipata kwenye samaki, nyama na mayai, inahitaji asidi kuachana na chakula, na ikipungua inaleta uchovu, ganzi miguuni na mudi kushuka. Kwa hivo waeza kuwa unakula mchicha kila siku na hauufaidi, kwa sababu ya kile kikombe pembeni na ile kapsuli ya asubuhi.

Halafu kuna minyoo. Najua mtu mzima akitajiwa minyoo huona ametukanwa, lakini sisi watu wa pwani tuna neno la kale kabisa, safura, na wazee walikuwa wakimjua mwenye nayo kwa macho, mtu amepauka, amevimba uso, hana nguvu, anatafuna udongo. Ndio minyoo yenyewe, mabuu yake yanaingia kupitia ngozi ya mguu ukitembea peku kwenye mchanga wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, yanasafiri mpaka utumbo mdogo, mnyoo unauma ukuta wa utumbo na kunyonya damu pole pole, miezi na miaka. Kwale hapo jirani yenu kulifanywa utafiti mkubwa, matokeo yakatoka 2019, ukaonyesha kwamba vijiji ambavyo kila mtu alipewa dawa mara mbili kwa mwaka, sio watoto wa shule peke yao, safura ilishuka kutoka karibu asilimia 20 mpaka karibu 6 ndani ya miaka miwili. Pale walipopewa watoto wa shule tu haikushuka kiasi hicho, manake watu wazima ndio walikuwa wamebaki nayo. Hukuniambia kama unatamani udongo au kutafuna barafu. Kama ndiyo, mwambie daktari bila haya, ni dalili inayojulikana ya upungufu wa chuma.

Mgeni mwingine wa kuangaliwa ni H. pylori, bakteria anayekaa tumboni, ndiye chanzo cha vidonda vya tumbo vingi. Zamani watu walidhani ni pilipili na stresi peke yake, mpaka Barry Marshall wa Australia mwaka 1984 akamnywa mwenyewe kwenye kikombe akaugua tumbo, na yeye na mwenzake Robin Warren wakapata Nobel 2005. Huyu bakteria akikaa muda mrefu naye anapunguza ufyonzwaji wa chuma. Na kiungulia chako cha mwaka mzima, hakuna aliyewahi kukupima kujua kinatoka wapi, umekuwa ukizima moshi tu.

Mimi yalinikuta. Miaka ya nyuma nilichoka hivo hivo, nikaenda kituo kimoja sitakitaja, nikatolewa damu tone moja nikaambiwa taifodi, nikapewa antibayotiki. Baada ya miezi, taifodi tena. Mara ya tatu nikakataa nikapimwa damu kamili kwengine, hemoglobini 8, yaani damu imepungua sana. Taifodi haikuwako. Kile kipimo cha haraka cha taifodi cha mara moja hakitegemeki peke yake, waweza kuonekana unayo na huna. Miezi ile yote nilikuwa nikiua bakteria wangu wazuri kwa ugonjwa ambao sikuwa nao, na ndio sababu nikisoma habari za Flagyl zako tatu naandika kwa urefu hivi.

Kwa hivo, kabla ya kubadilisha chakula, nenda hospitali ya serikali iliyo karibu nawe au kliniki unayoiamini uombe hemogramu, yaani kipimo cha damu kamili, na kama wanacho kipimo cha feritini uombe nacho, hicho ndicho kinachoonyesha akiba ya chuma. Kwa mwanamke asiye na mimba hemoglobini ikiwa chini ya 12 hiyo ni anemia, upungufu wa damu. Omba choo kipimwe minyoo, na kipimo cha choo cha H. pylori. Sukari pia, na tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, kama daktari ataona inafaa, na usione ajabu ukiulizwa kama una mimba. Hiyo hedhi nzito nayo itaje yenyewe kama tatizo, usiipitie, yawezekana kuna uvimbe kwenye kizazi na utaongezewa chuma mpaka uchoke kama bomba la kuvuja halijazibwa. Sasa kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi, kipimo cha H. pylori cha choo kinadanganya ukiwa unatumia omeprazoli, inabidi ukae wiki mbili bila hiyo dawa, na wiki nne baada ya antibayotiki yoyote, la sivyo utaambiwa huna na kumbe unaye.

Lakini omeprazoli ya mwaka usiikate ghafla leo hii. Tumbo lililozoea kuzimwa likiachiwa linatoa asidi kwa kishindo, kiungulia kinarudi vibaya kuliko mwanzo, na mtu anadhani ugonjwa umezidi anarudi kwenye kapsuli. Ongea na daktari au mfamasia akupangie kuipunguza taratibu, na kama ushawahi kutapika damu au unatumia dawa za maumivu kama diklofenaki au aspirini mara kwa mara, hapo usijiamulie kabisa. Kitakachokusaidia katikati ni kusogeza mlo wa usiku uwe mapema. Saa tatu na nusu unakula sima na mchuzi, saa tano ushalala chali, asidi itakosaje kupanda.

Na Flagyl, tafadhali, sio dawa ya gesi. Kila mtu Mombasa akiendesha mara mbili au tumbo likinguruma anaambiwa ni amiba, anaenda kemisti. Ni dawa nzuri ikiwa na kazi yake, lakini inaua kundi zima la bakteria wasiotumia hewa, na wengi wa wale wanaoishi ndani ya utumbo wako mkubwa ni wa aina hiyo hiyo.

Sasa hao bakteria, manake ndio poda inawataja. Mtu mzima wa wastani anakisiwa kuwa nao trilioni 38, wakikusanywa wote hawafiki robo kilo. Kazi yao kubwa kwako ni kula kile usichoweza kusaga wewe, nyuzinyuzi za kunde, mboga, mtama, matunda, na wakishakula wanatoa asidi ndogo ndogo, moja inaitwa butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mkubwa, karibu asilimia 70 ya nguvu zake zinatoka hapo. Ukuta ukishiba unakuwa imara, vitu vya sumu vya bakteria havipenyi kwenye damu. Ukuta ukikosa chakula unadhoofika, mwili unaamsha kinga, na kinga ikiamka ovyo kunakuwa na kitu kama moto mdogo usiozimika mwilini.

Moto huo na mudi vina uhusiano, na hili waweza kulijua bila kwenda maabara. Kumbuka ukiwa na malaria au homa kali unavyojisikia, hutaki kuongea na mtu, chakula hakina ladha, unataka kulala, kila sauti inakuudhi. Hiyo sio malaria inayokufanya hivo moja kwa moja, ni kemikali za kinga zinaambia ubongo mweke huyu chini apumzike. Ukiwa na moto mdogo wa kila siku unapata kivuli cha hali hiyo, sio homa, ila uchovu na kukosa hamu. Sisemi kila huzuni inatoka huko. Nasema ni moja ya njia.

Na chakula kinaubadilisha huo moto upesi kuliko watu wanavyodhani. Kule Kilimanjaro watafiti walichukua vijana wa kiume 77, matokeo yamechapishwa 2025, wale wa kijijini waliozoea ndizi, maharagwe, mtama na mboga wakapewa kwa wiki mbili chakula cha kisasa, mkate mweupe, soseji, chipsi, na wale wa mjini wakapewa cha kijijini. Wiki mbili tu. Damu za waliohamia chakula cha kisasa zikaonyesha dalili za moto kupanda, waliorudi kwenye chakula cha asili ukashuka, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye. Hapo nyuma Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda miaka mingi, alisema jambo la namna hiyo miaka ya 70, kwamba Waafrika wa vijijini wanaokula nyuzinyuzi nyingi hawana yale magonjwa ya utumbo aliyoyaona Uingereza. Sisi wa mjini tumehama kutoka kule tukaja huku, kisha tunauziwa mkebe wa kuturudisha.

Sasa wewe na siku yako. Mahamri sikukatazi, mie mwenyewe mtoto wa Mji wa Kale, nitakukatazaje. Ila mahamri na chai ya vijiko vinne vya sukari ni unga mweupe, mafuta na sukari, inapanda mbio kwenye damu na kushuka mbio, saa nne unasinzia kwenye kaunta unatafuta soda ya kukuamsha. Bibi zetu hawakuyala hivo, waliyala na mbaazi za nazi, na mbaazi zile zinapunguza kasi ya sukari kuingia, tena athari yake inaendelea mpaka mlo wa mchana. Basi hamri moja na bakuli la mbaazi, na chai iisogeze saa moja baadaye ukishafika kazini. Jumapili chemsha mbaazi za siku tatu nne, zigawe kwenye vikopo uweke friza, kwa joto letu hili usiache chakula juu ya jiko usiku kucha.

Gesi ndiyo utakayoniuliza. Ukiloweka kunde au mbaazi usiku kucha ukamwaga yale maji na kupikia mengine, gesi inapungua. Na uanze na kiasi kidogo, vijiko vitatu vinne vya kula kwa siku, wiki ya pili uongeze, manake bakteria wako wamekaa njaa mwaka, ukiwamwagia sufuria zima kwa mpigo utavimba na kuniona mwongo. Wiki ya kwanza gesi yaweza hata kuzidi kidogo, vumilia.

Maziwa ya chai ni mshukiwa wa pili wa hilo tumbo la dera. Watu wazima wengi wa Afrika uwezo wa kusaga sukari ya maziwa unapungua wakikua, sio ugonjwa, ni maumbile. Jaribu wiki mbili strungi, chai ya rangi tupu na tangawizi, uone. Tumbo likitulia ushajua. Maziwa lala wengi hawana shida nayo kwa sababu bakteria washaila sehemu ya ile sukari, na hapo unapata bakteria hai kwa bei ya paketi, bila mkebe wa 4,500. Kule chuo cha Stanford mwaka 2021 watu waliokula vyakula vilivyochachushwa kila siku kwa wiki kumi, mtindi na vya namna hiyo, aina za bakteria ziliongezeka na dalili kadhaa za moto kwenye damu zikashuka. Lakini mala ile isiyotiwa sukari, soma karatasi. Ile ya rangi ya waridi ni peremende ya kunywa.

Mchana chipsi na soda. Soda ya nusu litre nyingi zina sukari gramu 50 hivi, na Shirika la Afya Duniani linasema afadhali ya siku nzima isizidi 25. Hapo hujaweka chai. Pale Majengo hukosi mama anayeuza wali na maharagwe au kunde, muombe akuzidishie mchicha au mboga ya kunde, ukamulie ndimu juu. Hiyo ndimu sio ya ladha tu, vitamini C inasaidia chuma cha mboga kufyonzwa. Achari ya ndimu pia, kachumbari, embe mbichi likiwa kwenye msimu, vyote ni dawa ya damu vikiliwa pamoja na mlo. Dagaa na samaki wadogo ukipata ni bora zaidi, chuma na B12 kwa pamoja. Muhogo wa kukaanga wa pale ufukweni Mama Ngina jioni ya Jumapili na pilipili na ndimu, kula, furahi na watoto.

Maji ya mitungi ya mkokoteni yachemshe, kila mara, au tia dawa ya maji. Kila ukiharisha unafagia bakteria wako na kuanza upya, na kuna watu tumbo lao haliwi sawa tena kwa miezi baada ya kuhara kukali kumoja.

Kama unatafuna muguka, yale majani ya kukesha, kupambana na usingizi, na hujasema unatafuna lakini kwenye kazi za kukaa wengi wanatafuna, basi ujue inafunga choo, inaua hamu ya kula na inakula usingizi, na usingizi ukiharibika hakuna mbaazi itakayokuokoa. Unaamka saa kumi kwa ajili ya feri. Ukilala saa tano, hayo ni masaa matano. Mie siwezi kukwambia uchovu wako wote ni tumbo wakati unalala masaa matano, ningekuwa nakudanganya kama wale wa poda.

Na kile kilio. Australia mwaka 2017 walichapisha jaribio la watu 67 wenye unyogovu, nusu wakasaidiwa na mtu wa lishe kubadili chakula kwa wiki 12, mboga, kunde, samaki, nafaka zisizokobolewa, nusu wakapewa mtu wa kuongea nao tu. Kundi la chakula karibu thuluthi moja walitoka kabisa kwenye unyogovu, lile jingine asilimia 8. Jaribio dogo, lakini lina uzito. Walio kwenye dawa au ushauri hawakuambiwa waache, chakula kiliongezwa juu yake. Ndio maana nataka ukienda kupima damu umwambie daktari pia kwamba unalia usiku na hujui sababu, kwa maneno hayo hayo uliyoniandikia mimi. Na kama imefika usiku unawaza ni bora usingekuwepo, hilo usingoje vipimo wala wiki mbili, mwamshe mtu wa nyumbani usiku huo huo, nendeni hospitali. Watu wetu watasema ni mashetani au umekosa swala. Kuswali uswali dadangu, na kwa daktari uende.

Kuna mambo ambayo ukiyaona hupangi tena chakula, unakwenda hospitali siku hiyo: damu kwenye choo, choo cheusi kama lami, kutapika damu, au maumivu ya tumbo yanayokuamsha usingizini. Kupungua kilo bila kujaribu nako usikuache kupite, peleka wiki hiyo hiyo. Choo cheusi kina tahadhari yake, ukianzishiwa vidonge vya chuma choo kitakuwa cheusi na hiyo ni kawaida, ila hakinati wala hakina ile harufu kali. Vidonge hivyo vikikufunga choo au kukuchafua tumbo usiviache kimya kimya, rudi useme, vinaweza kupangwa siku moja ndiyo siku moja hapana na bado vikafanya kazi. Na usivimeze na chai.

Muda utakaochukua: chuma kikiwa ndicho chanzo, nguvu huanza kurudi baada ya wiki mbili tatu hivi, lakini kujaza akiba ni miezi mitatu na zaidi, wengi wanaacha vidonge wakijisikia nafuu na mwaka ujao wako pale pale. Tumbo lenyewe, kwa mbaazi na bila maziwa, utaona tofauti mwezi haujaisha.

Ukipata karatasi ya majibu ipige picha, funika jina, nitumie. Niandikie pia chai unakunywa saa ngapi na saa ngapi, kwa ukweli, halafu tupange hiyo ya kupunguza omeprazoli pamoja na daktari wako.